Kaunta Buku ya Mama na Programu Yangu

Najua nimepotea. Kilichonipoteza ni nyumba, na leo nitawaeleza habari za nyumba hizo, kwa sababu miezi hii michache watu watatu wameniuliza swali lile lile: "Wewe ni mtu wa kompyuta. Nitumie programu gani kusimamia vyumba vyangu vya kupangisha?" Wawili ndio wanamaliza kujenga. Wa tatu ameachiwa ploti na babake na hajui aanzie wapi.

Jibu fupi ninalo, na nitalitoa. Lakini nililipata kwa aibu, na nisiposimulia aibu hiyo, jibu lenyewe litaonekana dogo mno kwa mtu aliyesomea sayansi ya kompyuta miaka minne.

Ploti yenyewe iko Kamenu, hapa Thika. Vyumba kumi vya mawe, mabati juu, vitano upande huu na vitano upande ule. Katikati kuna uwanja wa saruji, kamba za kuanikia nguo na tangi moja la maji. Ukipita barabarani hutageuza shingo kuitazama. Kodi ni shilingi 5,000 kwa mwezi kila chumba. Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na alijenga kwa mikopo ya sacco: vyumba viwili, analipa mkopo, anachukua mwingine, vyumba viwili tena. Wapangaji wengine hufanya kazi viwandani, wengine wanauza sokoni Makongeni, na wawili ni wanafunzi wa chuo. Wote wanamwita "Mwalimu", hata wale ambao hakuwahi kuwafundisha.

Hesabu zote zilikuwa ndani ya kaunta buku moja, ile nyeusi yenye mgongo mwekundu. Kisha macho ya mama yakaanza kuingia ukungu. Daktari akasema ni mtoto wa jicho, atafanyiwa upasuaji, lakini asubiri kidogo. Siku hiyo jioni mama akanisukumia kaunta buku mezani. "Shika hii kazi. Mimi siku hizi naandika juu ya mstari nilioandika jana."

Jamani, nilifurahi! Si kwa ajili ya macho yake, la hasha. Nilifurahi kwa sababu kwa mara ya kwanza familia yangu ilikuwa na tatizo ambalo nilidhani nimelisomea.

Basi nikakaa chini kama mhandisi, nikaorodhesha njia zilizopo.

1. Kubaki na kaunta buku. Haihitaji stima wala bando. Lakini iko nakala moja tu, na ikinyeshewa imekwisha. Nikaikata.

2. Lahajedwali, yaani Excel, LibreOffice Calc, Google Sheets na jamaa zao. Karibu kila mtu anaijua, na kwa vyumba kumi gharama inaweza kuwa sifuri. Nikaiona ni ya kitoto. (Kumbukeni neno hilo.)

3. Programu ya uhasibu kama GnuCash. Hii ni programu huria, haina malipo, toleo lake la kwanza kamili lilitoka 1998. Inatumia uhasibu wa pande mbili, ule ambao Luca Pacioli alichapisha maelezo yake kule Venice mwaka 1494: kila shilingi inatoka mahali na kuingia mahali. Ni imara kabisa. Lakini ni ya kuhesabu pesa, haijui chumba kipi kinavuja.

4. Huduma za mtandaoni za kulipia kila mwezi. Za Marekani, kama Buildium, zimejengwa kwa watu wanaolipa kodi kupitia akaunti ya benki au hundi. Sisi huku kodi inakuja kwa M-Pesa. Ziko pia za hapa Kenya zinazounganishwa na M-Pesa, na kwa mwenye ghorofa yenye nyumba themanini zina maana kubwa. Kwa vyumba kumi, ada niliyotajiwa ilinifanya nikohoe.

5. Kuandika yangu mwenyewe.

Wenzangu wa kazi hii wanacheka tayari. Mkimpa mtengenezaji programu machaguo matano na la tano likawa "andika mwenyewe", hayo mengine manne ni mapambo.

Nikaandika. Laini ya mama ndiyo iliyokuwa ikipokea kodi, kwa hiyo niliiweka ndani ya simu ya zamani ya Android, nikaifunga kwenye chaja sebuleni. Kila ujumbe wa M-Pesa ulipoingia, simu iliutuma kwenye seva ndogo. Huko skripti ya Python ikausoma: kiasi gani, kutoka nambari gani, saa ngapi. Ikalinganisha nambari ya mtumaji na orodha ya wapangaji ndani ya hifadhidata ya SQLite. Ikipata, inaandika AMELIPA. Tarehe 6, saa mbili asubuhi, inawatafuta wote walioandikwa HAJALIPA na kuwatumia ujumbe. Mistari mia tatu hivi ya msimbo. M-Pesa ilianza Machi 2007, na tangu wakati huo ujumbe ule umekuwa risiti ya nchi nzima, basi kwa nini usisomwe na mashine?

Mwezi wa kwanza kila kitu kilienda sawa. Mwezi wa pili pia. Nilikuwa ofisini nakunywa chai huku kodi inajihesabu Kamenu. Nikamwambia mama kazi yake sasa ni kupumzika. Akaniitikia "haya", lakini kaunta buku hakuirudisha kabatini.

Mwezi wa tatu, siku ya mwisho, mama akanialika. "Nisomee nilichoandika mwezi huu. Mwenyewe sikioni vizuri." Nilitaka kumwambia hakuna haja, takwimu zote ziko kwenye simu. Lakini mama ni mama. Nikafungua. Maandishi yalikuwa yamepinda, makubwa, mengine yametoka nje ya mstari. Nikasoma kwa sauti. Nambari 1, elfu tano. Nambari 2, elfu tano. Nikafika tarehe 3:

"Nambari 6. 5,000. Kwa simu ya kaka yake. Yake imeingia maji."

Nikasita. Kwenye programu yangu chumba nambari 6 kilikuwa kimelipa tarehe 7. Nikafungua simu nikatazama tena: tarehe 7, 5,000, kutoka nambari yake mwenyewe.

"Mama, huyu wa sita alilipa lini?"

"Tarehe 3. Alipita hapa mwenyewe akaniambia, nikaandika mbele yake."

Nadhani mmeshaelewa. Mimi nilihitaji dakika nzima.

Tarehe 3, shilingi 5,000 zilikuwa zimeingia kutoka nambari ambayo haimo kwenye orodha yangu. Skripti ilipokosa jina ikauweka ujumbe ule kwenye faili la makosa na kuendelea na shughuli zake. Tarehe 6 asubuhi ikamwona nambari 6 hajalipa, ikamtumia maneno niliyoandika mimi kwa mkono wangu: "MFUMO unaonyesha hujalipa kodi. Lipa kabla ya tarehe 8 au chumba kitafungwa." Na yule mama, ambaye ameishi kwetu miaka tisa, akatafuta shilingi elfu tano nyingine, akalipa mara ya pili. Programu ikafurahi: AMELIPA.

Nikatoka nikaenda kugonga mlango wa sita usiku ule ule. Anauza mboga sokoni, alikuwa amekaa kwenye kigoda anafunga mafungu ya sukuma ya kesho.

"Mama, mwezi huu ulilipa mara mbili?"

"Ndiyo."

"Mbona hukusema?"

Akanitazama kwanza, kama mtu anayepima kama ninauliza kweli. "Kijana wa Mwalimu, ule ujumbe ulisema ni mfumo. Angekuwa ni Mwalimu ameniuliza ningemjibu. Sasa mfumo ningeujibu wapi? Nilijaribu kupiga hiyo nambari, haishiki."

Pesa ya pili alikuwa amekopa kwenye chama chao, elfu tano kwa riba ya mia tano. Nikamrudishia 5,500 pale pale. Alizipokea, akazihesabu, akasema asante. Hakunitukana. Ningependelea anitukane.

Sasa tuje kwenye ufundi, kwa sababu aibu bila somo ni hasara tupu. Nilikaa na msimbo ule wiki nzima, na makosa niliyoyaona ni manne. Hakuna hata moja lililokuwa la Python.

Kosa la kwanza: niliuliza swali ambalo si lenyewe. Ujumbe wa M-Pesa unajua nani ametuma pesa. Mwenye ploti anataka kujua pesa hii ni ya chumba gani. Mara nyingi majibu yanafanana, na hapo ndipo mtego ulipo. Lakini mume anamlipia mke, kaka anamlipia dada, mwanafunzi analipiwa na mzazi aliye Kitui, mtu anabadilisha laini. Haya ndiyo maisha ya kila siku ya ploti yoyote.

Kosa la pili: pesa nisiyoijua niliihesabu kama haipo. Wahasibu wana dawa ya zamani ya jambo hili. Wanafungua akaunti ya muda ya pesa ambazo mwenyewe bado hajajulikana, na hawafungi hesabu za mwezi mpaka iwe tupu. Mimi nilikuwa na faili la makosa lisilosomwa na mtu. Ningelinganisha tu jumla ya kodi iliyoingia kwenye simu, 55,000, na jumla ya programu, 50,000, ningeiona tofauti siku hiyo hiyo.

Kosa la tatu: nilihifadhi hali badala ya matukio. Kwangu chumba kilikuwa na neno moja tu, AMELIPA au HAJALIPA, na neno jipya lilifuta la zamani. Tazama mama alivyofanya kwa miaka yote hiyo: hafuti. Akikosea anapiga mstari mmoja juu ya maandishi, yanabaki yakisomeka, na chini yake anaandika sahihi pamoja na tarehe. Sisi tunaotumia Git kila siku tunajua thamani ya historia isiyofutwa. Nilikuwa nayo nyumbani tangu utotoni, yenye mgongo mwekundu, na nikaiweka nambari moja kwenye orodha ya vitu vya kukatwa.

Kosa la nne ndilo linaloniuma: niliipa mashine mdomo, sikuipa masikio. Niliiruhusu itishe watu kwa niaba ya mama yangu, kutoka nambari isiyoweza kujibiwa, kwa jina "MFUMO". Deni la kodi ni tuhuma. Ukimtuhumu mtu lazima uwe tayari kusikia anachosema.

Basi sasa natumia nini? Msinicheke. Lahajedwali. Ile niliyoiita ya kitoto. Google Sheets, kurasa tatu.

Ukurasa wa kwanza ni Wapangaji: chumba, jina, nambari za simu (zaidi ya moja), tarehe ya kuingia, na amana. Amana inakaa peke yake kwa sababu si mapato yetu. Ni pesa ya mpangaji tunayomwekea, na siku akihama ataiulizia.

Wa pili ni Malipo. Kila pesa inayoingia ni safu moja, hata kama sijui ni ya nani: tarehe, kiasi, nambari ya muamala ya M-Pesa, aliyetuma, chumba, na Maelezo. Safu haifutwi kamwe. Kosa linarekebishwa kwa safu nyingine. Isiyo na chumba inajipaka rangi ya manjano, na hakuna mtu anayedaiwa maadamu kuna manjano kwenye ukurasa. Hii safu ya Maelezo ndiyo nilikuwa sina. "Simu imeingia maji" ni maneno matatu yasiyo na nafasi kwenye hifadhidata yangu ya zamani, na ndiyo yaliyokuwa na ukweli wote.

Wa tatu ni Matengenezo: kitasa, bomba, balbu ya nje, na aliyelipa.

Skripti haijafa. Bado inasoma ujumbe wa M-Pesa na kujaza ukurasa wa Malipo, lakini ikikuta mtumaji mgeni inaacha nafasi ya chumba wazi. Tarehe 6 inaniandikia mimi orodha. Ujumbe kwa mpangaji nautuma mwenyewe, kwa laini yangu: "Habari mama. Kodi ya mwezi huu ya chumba 6 bado hatujaiona. Kama umelipa, tuambie ilitoka simu gani."

Wenye vyumba vingi mtaniuliza kuhusu Paybill. Swali zuri. Till ya Buy Goods haina nafasi ya nambari ya akaunti, na Pochi la Biashara pia haina. Kwa hiyo ukizitumia unabaki na tatizo langu la kwanza. Paybill inayo nafasi hiyo: mpangaji anaandika chumba chake, na ukiunganisha kwa Daraja, huduma ambayo Safaricom iliifungulia watengenezaji programu mwaka 2017, chumba hicho kinakufikia ndani ya kipengele kiitwacho BillRefNumber. Lakini usidhani umepona. Nafasi ile ni ya kuandika tu, na watu huandika "6", "six", "No.6", "rent" au jina la mtoto. Tena katika toleo la pili la huduma hiyo, nambari ya simu ya mlipaji hufichwa, basi alichoandika mpangaji ndicho karibu uzi pekee ulio nao. Manjano yatakuwepo tu. Yatayarishie mahali pa kukaa.

Kuna mambo mawili ya serikali ambayo chombo chako lazima kikusaidie.

La kwanza ni ushuru. (Hapa nikisema kodi ni ya nyumba, nikisema ushuru ni wa KRA, tusichanganyikiwe.) Mkazi wa Kenya anayepata kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka kutokana na nyumba za kuishi hulipa ushuru wa mapato ya kodi kila mwezi. Kiwango kilikuwa asilimia 10, kikashushwa hadi 7.5 kuanzia 1 Januari 2024. Kinatozwa kwenye jumla, kabla ya kutoa gharama yoyote, na unajaza kwenye iTax kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kwetu vyumba vyote vikilipa ni 50,000, ushuru 3,750. Kwa hiyo unahitaji jumla ya kodi iliyoingia mwezi huo, si iliyotarajiwa, wala si iliyochanganywa na amana. Ukurasa mmoja wa Malipo wenye tarehe unatosha.

La pili ni siri za watu. Nilikuwa na picha za vitambulisho vya wapangaji ndani ya WhatsApp yangu, katikati ya picha za harusi! Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na kanuni za usajili za 2021 zinataja usimamizi wa majumba miongoni mwa shughuli ambazo hata mdogo hasamehewi kujisajili. Zile picha nimezifuta. Lahajedwali ninaiona mimi na mama tu.

Basi jibu fupi nililoahidi ni hili. Usianze kwa kuuliza programu gani. Chukua yoyote inayokuvutia, ya bure au ya kulipia, halafu iulize maswali manne:

1. Pesa ikija kutoka kwa mtu usiyemjua, inaiweka wapi?
2. Nikikosea, naweza kurekebisha bila kufuta nilichoandika mwanzo?
3. Kuna mahali pa kuandika kwa maneno kilichotokea?
4. Nikitaka kuondoka kesho, nitabeba data yangu yote katika faili la kawaida kama CSV?

Ikishindwa hata moja, iache. Ikijibu yote manne, kama ni lahajedwali ya kitoto au ni mfumo wa elfu kumi kwa mwezi, itategemea una vyumba vingapi. Kwa vyumba kumi sioni sababu ya kulipa chochote.

Mama alifanyiwa upasuaji wa jicho la kwanza, anaona vizuri sasa. Amerudi kwenye kaunta buku yake na sijamkataza. Kila mwisho wa mwezi tunakaa mezani, yeye na kitabu, mimi na skrini, tunasomeana chumba kwa chumba. Tukitofautiana hatuinuki mpaka tujue ni kwa nini. Mwezi uliopita tulitofautiana shilingi 200. Nambari 4 alinunua balbu ya uwanjani, akakata kwenye kodi, akamwambia mama, na mimi nikawa ndio kwanza nasikia. Tukaiandika, mimi kwenye Matengenezo, yeye pembeni ya ukurasa.

Nambari 6 bado yupo. Siku hizi akilipa ananipigia simu baada ya kutuma. "Kijana wa Mwalimu, umeiona?" Namwambia nimeiona. Halafu anapita kwa mama kuhakikisha.

Haya, mtu akitaka ile lahajedwali aniambie nitamtumia nakala tupu, isiyo na majina ya watu. Sasa niende, tangi la maji limeanza kuvuja na hakuna programu ya hilo.